Mombo hadi Lushoto: Gari la familia linaposita mlimani

Ukishaiacha Korogwe nyuma, milima ya Usambara huanza kukuandama upande wa kulia. Kushoto ni tambarare, mashamba ya mkonge na vichaka vya miiba; kulia ni ukuta wa kijani unaopotelea mawinguni. Gari lililotoka Dar es Salaam limekwishatembea zaidi ya kilomita 300 bila kukutana na mlima wa kulitoa jasho. Dereva amekunja miguu, amezoea, anawaza chakula. Ndipo Mombo inapotokea, na kona ya kulia yenye kibao cha Lushoto.

Mombo ni mji wa kupita. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na Wajerumani waliokuwa wakikimbia joto na mbu wa tambarare wakashuka kwenye garimoshi hapa na kupanda juu kwenye baridi, mahali walipopaita Wilhelmstal. Ndiyo Lushoto ya leo. Siku hizi wanaoshuka ni abiria wa mabasi ya Arusha na Moshi, wanaonunua mayai ya kuchemsha, maji na mahindi, na kurudi mbio kwenye viti vyao. Joto la mchana hapa halina huruma. Watoto huvuliwa mashati, na kina mama hutandika khanga chini ya miarobaini kusubiri gari la kupanda.

Mafundi wa magari nao wako hapa, na wana sababu. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yake kuna kilomita 33 hivi za lami nyembamba inayojikunjakunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali, upande mwingine korongo. Gari linalopanda hapo linabeba uzito wake wote, abiria na mizigo, karibu kilomita moja nzima kwenda juu, na kadiri linavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na taba hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini yenye afya haitikisiki kwa hilo. Iliyo na maradhi yake ya kimyakimya huyatangaza kabla ya kona ya tano.

Mtu mwenye upungufu wa damu anaweza kwenda sokoni na kurudi asijue kama anaumwa. Mpandishe ngazi tatu za ghorofa, atashika ukuta. Gari kwenye tambarare, likitembea kilomita 80 kwa saa, linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Chujio la mafuta lililoziba nusu linapitisha petroli ya kutosha kwa kazi hiyo. Plagi iliyochoka inatoa cheche ya kutosha. Dereva akikanyaga ili alipite lori au apande mlima, injini inadai hewa na mafuta mengi kwa mkupuo, na cheche nayo inatakiwa iruke katikati ya mgandamizo mkubwa zaidi. Kilicho dhaifu ndipo kinapojitokeza. Gari linasita, linavuta pumzi, kisha linashtuka na kuondoka. Au haliondoki.

Wiki ya tatu ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, Noah moja ya zamani iliingia Mombo ikiwa na watu sita: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu, mkubwa wa miaka 11, wa kati wa saba na mdogo wa miaka miwili. Lilikuwa toleo lile la miaka ya 1990 ambalo injini yake inakaa chini ya viti vya mbele, kiasi kwamba fundi akitaka kuiona hafungui boneti, anainua kiti. Magari haya yamelea familia nyingi nchini. Yanabeba watoto wa shule asubuhi, maharusi Jumamosi, na mwisho wa mwaka yanabeba ukoo kwenda kijijini. Baadhi yana umri mkubwa kuliko madereva wanaoyaendesha.

Baba hakuwa na nia ya kusimama Mombo. Alisimama kwa sababu mama alimwambia asimame, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza mama kuyatamka tangu Segera. Kati ya Segera na Korogwe, baba alitoka upande wake kulipita lori la mbao. Barabara ilikuwa wazi, hesabu yake ilikuwa sahihi kwa gari lililo sawa. Alipokanyaga, Noah ilisita. Sekunde moja, mbili. Basi likatokea mbele limewasha taa zote. Baba akarudi nyuma ya lori, bibi akamtaja Mungu, na mtoto wa kati akauliza kwa nini gari limepiga chafya.

Sekunde mbili si kitu mtu anaposubiri chai. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili ni mita 44. Mzazi anayesema "linasumbua kidogo tu, nitalitazama tukirudi" afanye hesabu hiyo kabla ya kufunga mizigo.

"Shikamoo mzee," baba alimsalimu fundi aliyekuta amekaa juu ya tairi chini ya mwarobaini.

"Marahaba. Poleni na safari. Linasumbua nini?"

"Halina nguvu, mzee. Ukikanyaga linasita, halafu linashtuka ndiyo linaondoka. Pampu ya mafuta imekufa. Nataka kujua kama hapa naweza kupata pampu."

Fundi hakujibu habari ya pampu. Aliuliza linasita likiwa la baridi au likishapata moto. Likishapata moto, na zaidi likiwa na mzigo. Aliuliza kama tenki likiwa limejaa na likiwa robo kuna tofauti. Baba hakuwahi kuangalia. Aliuliza mara ya mwisho wamejaza wapi, taa ya injini inawaka au haiwaki, na ni vitu gani vimekwisha kubadilishwa.

Orodha ilikuwa ndefu. Ndani ya miezi miwili Noah ilikuwa imewekewa plagi mpya, waya mpya za plagi na chujio jipya la hewa, na throto ilikuwa imesafishwa. Kila mara gari liliondoka gereji likionekana kupata nafuu, na kila mara ugonjwa ulirudi baada ya siku mbili. Gereji ya mwisho ndiyo iliyosema pampu.

Wazazi wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Mtoto anachemka, anapewa dawa ya malaria iliyobaki kabatini. Hapati nafuu, anapewa antibayotiki ya jirani. Siku ya nne anafikishwa kituo cha afya, anachomwa kidoleni, na kipimo kinaonyesha hakuwa na malaria tangu mwanzo. Kila homa si malaria, na kila gari linalosita si pampu. Wa kulaumiwa si fundi peke yake. Mteja anayetaka gari lake jioni ileile, na anayeona kulipia kupima bila kubadilisha kitu ni kuibiwa, naye ana lake.

Mzee huyu wa Mombo alianza kwa kumwomba kijana wake kipande cha waya. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cha matundu, na mawili kati ya hayo yameandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa waya na kufungulia swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina malalamiko. Ikiwa nalo, hupepesa kwa namba. Mtoto wa miaka 11 alipewa kazi ya kuhesabu, na aliifanya kama anayesahihisha mtihani.

"Mbili. Imepumzika. Moja. Imepumzika ndefu. Mbili tena. Moja."

Ishirini na moja. Kwa Toyota za wakati huo, hayo ni malalamiko yanayohusu sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la moshi na kuieleza kompyuta kama mafuta yanachomwa kwa kipimo. Baba akataka kujua bei ya sensa. Fundi akacheka. Akamwambia taa inakuonyesha nyumba inayotoka kelele. Haikuambii nani ameanza ugomvi.

Hapo ndipo mama aliyekuwa amembeba mdogo mgongoni akaingilia. Baba alikuwa amezungumza habari za nguvu tu. Mama alizungumza habari za watoto. Alisema wa kati huumwa kichwa kila safari ndefu, na siku hizi hata wakienda kanisani na kurudi. Leo alitapika Chalinze. Mdogo alilala tangu hapo hadi Korogwe, usingizi mzito ambao si kawaida yake. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamgonga. Wakishuka na kukaa nje nusu saa, wote wanakuwa wazima. Walikuwa wamenunua vidonge vya kichefuchefu.

Fundi aliinuka kwenye tairi. Alitaka kujua nani hukaa wapi, vioo huwa vimefungwa au viko wazi, na kama huwa wanasafiri na mlango wa nyuma ukiwa umeachama kwa sababu ya mizigo. Baba alianza kuonyesha kukereka, maana yeye alileta tatizo la injini. Lakini lilikuwa ni tatizo hilohilo.

Kiti cha mbele kilipoinuliwa na injini kuachwa ipoe, fundi alimulika tochi mahali bomba la moshi linapoungana na injini. Pembeni mwa gasketi palikuwa na michirizi ya masizi meusi, kama ukuta wa jiko la kuni. Kijana akaziba bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi injini ikiwa imewashwa tena, na chini ya kiti ikasikika sauti ya kupumua: fss, fss, fss. Moshi ulikuwa unatoka kabla ya kufika nyuma ya gari. Na mpira unaoziba mfuniko wa injini, ule unaotenganisha injini na miguu ya abiria, ulikuwa umekauka na kukatika pande mbili.

Ufa mdogo kama huo hufanya mambo mawili. Moshi wa injini hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje huvutwa kuingia ndani ya bomba. Sensa inanusa oksijeni isiyo ya pale na kuiambia kompyuta kwamba petroli ni pungufu. Kompyuta inaongeza petroli. Ndiyo maana gari lilikuwa linakunywa mafuta kuliko zamani, na plagi zilizobadilishwa juzi zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi.

Jambo la pili ndilo lililomfanya fundi ainuke kwenye tairi. Katika moshi wa petroli mna hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu; ile harufu ya ekzosi inayosikika ni ya vitu vingine vinavyoambatana nayo. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinaanza, kichefuchefu, uchovu, usingizi. Ikizidi, mtu anapoteza fahamu na anaweza kufa bila kujua kinachomuua. Watoto wadogo huathirika upesi kwa sababu wanapumua haraka zaidi kuliko watu wazima, na kwa mama mjamzito hatari inamfikia aliye tumboni pia.

Ugumu wake ni kwamba dalili hizo hazina sura ya pekee. Zinafanana na mafua, na malaria, na kuchafuka kwa tumbo kwenye kona. Daktari anayeletewa mtoto aliyetapika safarini atauliza alikula nini. Ni mzazi ndiye anayeweza kuona kile asichoweza kukiona daktari: kwamba zaidi ya mtu mmoja ndani ya gari lilelile wanaumwa kwa wakati uleule, na wanapata nafuu wakishuka. Hilo likitokea, gari lisimame, injini izimwe, wote watoke kwenye hewa safi. Aliyelegea, anayechanganyikiwa au mtoto asiyeamka vizuri apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe wazi kwamba huenda ni moshi wa gari. Kusafiri na mlango wa nyuma wazi, jinsi wengi wanavyofanya mwisho wa mwaka magodoro yanapogoma kuingia, kunazidisha mambo, kwa sababu hewa inayozunguka nyuma ya gari huurudisha moshi ndani hata kama bomba halina ufa. Na kuliacha gari likinguruma ndani ya banda lililofungwa ni hatari vilevile.

Mtoto wa kati hakuwa na habari ya yote haya. Alikuwa amepata rangi usoni na anataka soda.

Lakini gasketi ya ekzosi haielezi kwa nini gari likose nguvu kiasi kile mbele ya basi. Fundi aliendelea. Familia ilihamishiwa chini ya mti wa mbali na petroli. Akapunguza presha kwenye mfumo wa mafuta, akafunga geji, akaibana chini ya waipa upande wa nje wa kioo ili isomeke na wawili walioko ndani bila kuingiza mpira wa petroli kwenye gari. Injini ikiwa imesimama, geji ilisoma karibu PSI 40, ambayo kwa injini za aina hiyo ni sawa. Gereji nyingi zingeishia hapo na kusema mafuta hayana tatizo. Mzee akamwambia baba apande naye, wakaelekea kona za kwanza za mlima.

Baba aliusimulia mwendo huo kwa mama waliporudi. Kwenye tambarare sindano ilitulia palepale. Mlima ulipoanza na mzee akakanyaga, sindano ikaanza kushuka, taratibu, hadi chini ya 25, na hapo Noah ikasita kama kawaida yake. Mzee akaachia mguu. Sindano ikarudi. Akakanyaga tena, ikashuka tena. Baba alikuwa amelisikia gari lake likisita kwa miezi miwili, na siku hiyo alikuwa ameliona kwa macho.

Presha inayoshuka chini ya mzigo ina washukiwa wachache: pampu iliyochoka, umeme hafifu unaoifikia pampu, bomba lililobanwa, au chujio lililoziba. Mzee alianza na chujio, kwa sababu ndilo la bei ndogo na ndilo ambalo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameligusa katika orodha nzima ya baba. Lilipotolewa na kumiminwa kinyumenyume kwenye chombo cheupe, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, chenye chembechembe za kutu, na chini yake matone ya maji yaliyokataa kuchanganyika na petroli. Chujio jipya lilipatikana dukani palepale Mombo, kwa bei isiyofika robo ya pampu. Wakapanda tena kona zilezile. Sindano haikucheza.

Pampu ilikuwa haina kosa, ingawa mzee alionya kwamba pampu iliyosukuma kwa muda mrefu kwenye chujio lililoziba huchoka mapema, na kwamba tenki lenye maji na kutu linahitaji kusafishwa watakaporudi Dar es Salaam. Kusafiri na tenki robo kila siku ndiko kunakoleta hayo: nafasi tupu ndani ya tenki hukusanya unyevu, na pampu iliyozamishwa kwenye petroli ili ipoe hubaki inafanya kazi nusu kavu.

Gasketi haikuwepo Mombo. Bodaboda ilitumwa Korogwe, na familia ikakaa kusubiri saa tatu. Bibi alilala juu ya khanga. Wavulana wa gereji walikuwa na chupa mbili za maji ya kunywa, lebo yake ikiwa bado juu, na ndani mna petroli ya kuoshea vyuma. Zilisimama chini, kimo cha mtoto wa miaka miwili. Mama alizihamisha mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akaziweka juu ya paa la kibanda. Chupa ya maji ikishatiwa petroli inabaki kuwa chupa ya maji machoni mwa mtoto, na hatari kubwa ya petroli haipo tumboni bali mapafuni inapopaliwa. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa petroli hatapishwi wala halazimishwi maziwa, anakimbizwa hospitali. Fundi anayevuta petroli kwa mdomo na mpira, jambo ambalo bado linaonekana kwenye gereji nyingi, anacheza na mapafu yake namna hiyohiyo.

Saa kumi jioni gari lilikuwa tayari. Mzee alikata mpira mpya wa kuziba mfuniko wa injini kutoka kwenye mpira wa mlango wa gari jingine, akaubandika, akapitisha mkono kuzunguka kingo zote injini ikinguruma, kisha akamwita mama, siyo baba, aje anuse. Mama aliinama kwa muda. Akatikisa kichwa kwamba hakuna. Alipounganisha tena waya wake kwenye kile kisanduku, baada ya kufuta kumbukumbu ya kompyuta na kulizungusha gari, taa ilipepesa mfululizo bila kupumzika. Mhesabuji alifika ishirini na kitu akachoka.

Kupanda kwenda Lushoto huchukua saa moja hivi kwa dereva asiye na papara. Mzee alimwambia baba azime ovadraivu tangu mwanzo wa mlima, ili gia isihangaike kupanda na kushuka, na kwamba siku ya kurudi afanye vivyo hivyo na kushuka kwa gia ndogo, kwa sababu kwenye mteremko ule kinachopatikana na majaribu ni breki. Kona ni kali na ni nyembamba. Madereva wa mabasi wanaopita kila siku hupiga honi kabla ya kona na kutarajia kujibiwa. Kuna mahali korongo liko karibu na tairi kiasi kwamba abiria wa dirishani huacha kuongea.

Noah ilipanda. Haikupanda kama gari jipya, kwa sababu si jipya, lakini mguu ulipodai, ilitoa. Nyuma ya lori la kabichi tupu lililokuwa linarudi juu, baba alikaa umbali wa kutosha na hakujaribu kulipita hata mara moja, japo sasa aliweza. Vioo vilikuwa wazi. Kufika Soni, maporomoko yake yakianguka meupe kando ya barabara na njia ya Bumbuli ikichepuka, hewa ilikuwa imebadilika kabisa. Watoto waliovuliwa mashati Mombo walikuwa wanadai masweta. Pembeni mwa barabara wauzaji walikuwa wamepanga plamsi na mapichi kwenye ndoo ndogo, karoti zikiwa zimefungwa mafungu na majani yake. Bibi akaamuru gari lisimame. Alishuka, akasalimiana Kisambaa na mwenye ndoo kwa kirefu, wakaulizana ya nyumbani na ya mashambani, na bei aliyopewa haikuwa ile waliyokuwa wametajiwa watu wa gari la mbele.

Waliingia Lushoto ukungu ukishuka kwenye mikaratusi. Nyumba ya bibi iko juu zaidi, njia ya vumbi, mwendo wa dakika kumi. Kwa desturi mtoto wa kati hufika hapo akiwa amelala, akabebwa ndani, akalazwa bila kula. Safari hii aliruka chini kabla gari halijazimwa, akamfuata kaka yake kwenye banda la mbuzi, na nusu saa baadaye alikuwa anauliza ugali utaiva lini.

Asubuhi baba aliinua kiti cha mbele na kupitisha kiganja pembeni mwa mpira mpya. Mama alikuwa ametangulia. Zulia la gari na vitambaa vya viti vilikwisha tolewa na kuanikwa juu ya ua wa matete, kwa sababu moshi wa miezi mingi ulikuwa bado umo ndani yake, na jua la Lushoto, hata la Desemba, huchelewa kutoka.